Tezi moja, majibu matano: kisa cha kifua kikuu cha shingo wilayani Nzega

Mwanamke wa miaka 27, mkulima na mfugaji wa wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, ana uvimbe upande wa kulia wa shingo kwa miezi mitatu sasa. Hakohoi. Jasho la usiku lipo, ila si la kulowesha shuka. Uzito umeshuka kutoka kilo 54 hadi 49. Amekwisha pewa amoksilini mara mbili, siku saba kila mara, na uvimbe haukupungua hata kidogo. Hana VVU, eksrei ya kifua ni safi, na makohozi aliyoweza kutoa yamepimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha TB, bila kuonekana vimelea. Hajawahi kutumia dawa za kifua kikuu. Nyumbani wanakunywa maziwa ya ng'ombe wao wenyewe, mabichi na ya mgando.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na mambo ya kawaida ya maabara zinazopokea sampuli za tezi, na hakimhusu mgonjwa fulani. Shingo hiyo moja ilitoa majibu matano ambayo ukiyasoma harakaharaka utadhani ni ya watu watano. Histolojia, yaani uchunguzi wa kipande cha tishu kwa hadubini, ilisema yanaendana na TB. Hadubini haikuona kitu. GeneXpert ya kwanza iligoma, ya pili ikatoa jibu la kusitasita. Kuotesha vimelea kukazaa kwenye chupa moja na kukataa kwenye nyingine. Hakuna kipimo kilichodanganya hapo. Kila kimoja kilijibu kwa kadiri ya kile kilichotiwa mdomoni mwake, na ndiyo maana kulinganisha vipimo vya TB ya nje ya mapafu kwa asilimia zake tu, bila kuuliza sampuli ilichukuliwaje na kugawanywaje, hakumsaidii mtu aliye kwenye meza ya maabara.

Tezi iliyozama kwenye formalini

Mara ya kwanza mgonjwa alitolewa tezi ndogo, kama sentimita 1.5, iliyokuwa nyuma ya uvimbe mkubwa. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kosa lilikuja baada ya hapo: tezi nzima ilitumbukizwa kwenye chupa ya formalini ya asilimia 10, na fomu ikaandikwa maombi matatu, yaani histolojia, GeneXpert na kuotesha.

Mpokea sampuli alifungua kifuniko, harufu ya formalini ikamtosha. Alikataa kupima maombi mawili ya mwisho, akaandika sababu kwenye fomu, akampigia simu daktari aliyeituma. Alifanya sawasawa. Formalini huua vimelea, kwa hiyo hakuna cha kuota. Pia huifunga DNA pamoja na protini na kuikatakata vipande vifupi, kwa hiyo hata mashine ya kusoma vinasaba inaweza kubaki bila cha kushika. Wapo wanaosuuza tishu kwa maji na kuiingiza hivyohivyo kwenye katriji, kile kijisanduku cha GeneXpert kinachopokea sampuli. Jibu litakalotoka litaandikwa kwamba vimelea havijaonekana, na daktari atalichukua kama jibu la kweli. Hapo ndipo hatari ilipo: kipimo ambacho hakikufanyika hasa kinasomeka kama kilichofanyika.

Kilichotakiwa ni kidogo sana. Tezi ikishatoka, iwekwe kwenye sahani tasa na ikatwe katikati kwa wembe tasa wa upasuaji. Nusu moja iende kwenye formalini, ambayo iwe kama mara kumi ya ujazo wa tishu. Nusu ya pili iende kwenye chupa tasa yenye maji ya chumvi tasa, kiasi cha kuizuia isikauke tu, mililita 1 au 2. Ukiizamisha kwenye mililita 20 umeizimua mwenyewe kabla maabara haijaigusa. Na kijiti cha pamba kisitumike badala ya tishu au usaha: kinanyonya sampuli, kinakauka, na vimelea vichache vilivyokuwepo vinabaki kwenye nyuzi.

Histolojia ilirudi baada ya wiki tatu. Ilieleza granuloma, yaani vifundo vya seli za kinga, zenye seli kubwa za Langhans, katikati kukiwa na tishu iliyokufa yenye sura ya jibini. Rangi ya Ziehl-Neelsen, inayovipaka vimelea vya TB wekundu, kwenye kipande hicho haikuonyesha vimelea. Jibu hili lina uzito, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama Tanzania daktari anaweza kuanza dawa kwa hilo. Lakini granuloma ni alama ya namna mwili unavyopigana. Jina la adui halimo. Fangasi, sarkoidosisi (ugonjwa wa kinga usio wa maambukizi) na vimelea jamaa wa TB vinavyoishi kwenye maji na udongo vyote vinaweza kuleta granuloma. Kwa mtu mwenye VVU iliyokwisha kula kinga, granuloma huenda zisijengeke kabisa ingawa vimelea ni tele. Tena histolojia haiwezi kusema chochote kuhusu usugu wa dawa. Mgonjwa alikuwa anatembea, anakula, hapumui kwa shida. Uvimbe mkubwa ulikuwa bado upo na katikati ulishalainika. Uamuzi wa kuchukua sampuli ya pili kabla ya kumeza kidonge cha kwanza ulikuwa mzuri.

Kuvuta kwa sindano

Uvimbe ulikuwa wa sentimita 3.5, tezi kadhaa zilizoshikana. Ngozi ya juu ilikuwa nzima, haijawa nyembamba wala nyekundu. Ilifutwa kwa alkoholi ya asilimia 70 na kuachwa ikauke. Sindano ya namba 21 iliwekwa kwenye bomba la mililita 10, ikaingizwa kwa mshazari kupitia ngozi yenye afya pembeni ya uvimbe. Ukichoma wima juu ya sehemu iliyolainika unaweza kuacha tundu litakalotoa usaha kwa wiki kadhaa. Namba 23 inatosha kwa tezi ngumu, ila usaha mzito hauipiti. Dawa ya ganzi, kama ni lazima, ibaki kwenye ngozi tu. Lidokeini ikiingia ndani ya tezi inaweza kuzuia vimelea kuota.

Mkono ulivuta mara mbili: mara moja katikati, mara moja ukingoni. Katikati kuna usaha mwingi, lakini wingi wake ni tishu iliyokufa isiyo na hewa, na vimelea vilivyo hai mara nyingi hupatikana zaidi ukingoni. Ulitoka usaha wa rangi ya krimu, mzito, wenye mabonge madogo kama maziwa mgando yaliyokorogwa nusunusu. Kwa wingi ulikuwa takriban mililita 0.9. Huo ukawekwa kwenye mrija A. Kisha sindano na bomba vikasuuzwa kwa mililita 1 ya maji ya chumvi tasa, na masuuzo yakaenda mrija B. Matone yaliyobaki kwenye ncha yalipakwa kwenye vioo vitatu: viwili vikaachwa vikauke hewani, kimoja kikazamishwa kwenye alkoholi hapohapo kwa ajili ya kuangalia seli. Kuangalia seli ni muhimu maana uvimbe wa shingo unaweza pia kuwa saratani ya tezi, na mgonjwa wa limfoma asianzishiwe dawa za TB kwa kukisia.

Mirija hii miwili, A na B, ndiyo inayoeleza karibu yote yaliyofuata.

Kwa nini hadubini haikuona

Kioo kilipakwa rangi ya kabolifuksini na kupashwa moto mpaka mvuke utoke bila kuchemka, kikaachwa dakika 5. Kikaoshwa, kikawekwa asidi-alkoholi ya asilimia 3 kwa dakika 3, kikamalizia na bluu ya methilini kwa dakika 1. Maji ya kuoshea yalikuwa yaliyochujwa. Maji ya bomba au ya tangi huweza kuwa na vimelea jamaa vinavyoshika rangi ileile nyekundu, na kwenye sampuli ya nje ya mapafu, ambako mtu anaandika "chanya" kwa kuona viwili vitatu, hilo ni kosa kubwa. Lenzi ya mafuta ilipita maeneo 100. Hakuna kilichoonekana.

Hesabu yake ni hii. Kwenye kioo unapaka kama mililita 0.01. Eneo lote la kupaka lina takriban maeneo 10,000 ya lenzi hiyo, nawe unasoma 100, yaani asilimia 1. Sampuli ikiwa na vimelea 10,000 kwa mililita, kwenye kioo vipo 100, na katika maeneo 100 utakutana na kimoja tu. Kwa hiyo hadubini huhitaji vimelea 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo iwe na la kusema. Makohozi ya mtu mwenye shimo kwenye pafu yanafika huko kwa urahisi. Tezi ya mtu mwenye kinga nzuri mara nyingi haifiki. Hadubini iliyoona vimelea kwenye tezi inasaidia sana. Ambayo haikuona haijaondoa kitu.

GeneXpert: kugoma, kisha kusitasita

Katriji ya Ultra, toleo jipya la katriji ya GeneXpert, inaweza kugundua TB hata vimelea vikiwa 16 hivi kwa mililita, ambapo katriji ya zamani ilihitaji kama 130. Inafika huko kwa kufanya kazi kwenye ujazo mkubwa zaidi, mikrolita 50 badala ya 25, na kwa kutafuta vipande viwili vya DNA vinavyojirudia ndani ya kimelea kimoja, IS6110 na IS1081, mbali na jeni ya rpoB inayoonyesha usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

Mara ya kwanza ilichukuliwa mililita 0.5 ya usaha kutoka mrija A, ikaongezwa mililita 1 ya kitendanishi, yaani dawa ya kuandaa sampuli, ikatikiswa mara moja na kuingizwa baada ya dakika chache. Mashine ikasimama kwa Error 2008. Namba hiyo inamaanisha shinikizo ndani ya katriji limepita kiwango: mabonge yaliziba kichujio. Katriji imepotea, na nusu ya sampuli bora imepotea nayo.

Utaratibu wa sampuli nzito haujifichi. Tishu hukatwa vipande vidogo na kusagwa kwenye mililita 2 za maji tasa yenye bafa ya fosfeti. Chukua 0.7 ya mchanganyiko huo, ongeza kitendanishi mara mbili yake, yaani 1.4. Tikisa kwa nguvu angalau sekunde 10, acha dakika 10 kwenye joto la chumba, tikisa tena sekunde 10, acha dakika 5 nyingine. Mabonge yakionekana bado, acha yatue chini na uvute kutoka juu yake. Mililita 2 ndiyo inayoingia kwenye katriji. Hizo dakika 15 ndizo zinazookolewa kwa haraka, na ndizo zinazogharimu katriji. Chumba kisipite nyuzi 30. Mwezi wa kumi Tabora bila kiyoyozi hilo ni tatizo la kweli, kama ilivyo umeme kukatika katikati ya kazi bila betri ya akiba.

Usaha wa mrija A uliobaki, kama 0.4, ulihifadhiwa kwa ajili ya kuotesha. Kwa hiyo mara ya pili mashine ilipewa masuuzo ya mrija B: 0.7 na kitendanishi 1.4, safari hii kwa utaratibu kamili. Jibu lililotoka: "MTB Trace Detected", yaani dalili ndogo sana ya vimelea vya TB imeonekana, na kwa rifampisini, haijulikani.

Jibu hilo lina maana moja mahususi. Mashine imeona vile vipande vinavyojirudia, ila rpoB, ambayo ipo nakala moja tu kwa kila kimelea, haikupatikana ya kutosha. Kwa makohozi ya mtu mzima asiye na VVU, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 ulitaka kipimo kirudiwe kabla ya kuliamini. Kwa sampuli ya nje ya mapafu huhesabiwa kuwa chanya, na dawa huanza. Tahadhari kubwa ni mgonjwa aliyewahi kutibiwa, maana DNA ya vimelea vilivyokufa hukaa muda mrefu. Kwenye fomu ya mgonjwa huyu kisanduku cha historia ya tiba ya TB kilikuwa wazi, hakijajazwa. Ilibidi apigiwe simu muuguzi, naye amuulize mgonjwa. Kisanduku kile kina thamani sawa na katriji.

Hakuna haja ya kushangaa kwamba jibu lilikuwa dhaifu. Usaha uliozibia katriji ya kwanza ungeweza kutoa jibu la wazi pamoja na hali ya rifampisini. Masuuzo ni usaha uliotiwa maji.

Kwa wale wanaopima maji ya mwilini badala ya tezi, mizani hubadilika. Kwenye usaha wa tezi katriji hukamata zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 ambao kuotesha kungewathibitisha. Kwenye maji ya kifua katriji ya zamani hukamata karibu nusu tu, kwa sababu maji yale ni matokeo ya mwili kuchukia vimelea vichache vilivyo kwenye utando wa mapafu. Hapo kipimo cha ADA (kimeng'enya cha seli za kinga), kikifika yuniti 40 kwa lita au zaidi na seli nyingi zikiwa limfositi (aina ya chembe nyeupe za damu), au kipande cha utando wenyewe, husaidia zaidi. Kwenye maji ya uti wa mgongo Ultra inakaribia 9 kati ya 10, lakini kwa sharti la ujazo: yakizidi mililita 5 yazungushwe kwa nguvu ya 3,000 g kwa dakika 15 na mashapo ndiyo yapimwe. Kuleta matone kumi na kudai jibu ni kumwonea mgonjwa. Na mwenye VVU aliyezidiwa apimwe pia mkojo kwa kipimo cha LAM, kinachotafuta kipande cha ukuta wa kimelea, mikrolita 60 kwenye ukanda, jibu dakika ya 25. Mgonjwa wetu hakuhusika na hicho.

Dawa zilianza siku hiyohiyo: vidonge 3 vya RHZE (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa pamoja) kwa siku kwa uzito wake wa kilo 49.

Chupa mbili, majibu mawili

Usaha uliobaki wa mrija A ulisafirishwa kwenda Mwanza ndani ya boksi la baridi, nyuzi 2 hadi 8, umefungwa tabaka tatu, lebo ikiwa ubavuni mwa mrija na si kwenye kifuniko kinachoweza kubadilishana. Haukugandishwa. Kwa kuwa ulivutwa kupitia ngozi nzima, maabara haikuusafisha kwa sodiamu haidroksaidi, dawa ambayo huua bakteria wengine lakini huua pia sehemu kubwa ya vimelea vya TB vyenyewe. Tone moja lilipandwa kwenye agari ya damu kuhakikisha hakuna wageni, nalo halikuotesha kitu. Kama jipu lingekuwa limepasuka, kusafisha kungekuwa lazima.

Usaha uliongezwa maji tasa hadi mililita 1. Mililita 0.5 ikaingia MGIT, mrija wa lishe ya majimaji unaofuatiliwa na mashine, na 0.2 kila moja kwenye chupa mbili za lishe ngumu ya Löwenstein-Jensen: moja ya gliseroli kama kawaida, moja ya piruvati.

MGIT ilitoa ishara siku ya 21. Rangi ilionyesha vimelea vilivyojipanga kama kamba, na ukanda wa kupima MPT64, protini ya vimelea hivyo, ukathibitisha kuwa ni wa jamii ya TB. Rifampisini na isoniazidi zote zilifanya kazi. Chupa ya piruvati ilionyesha makundi madogo bapa wiki ya tano. Chupa ya gliseroli ilikaa wiki nane bila kitu. Maabara yenye chupa ya gliseroli peke yake ingeandika kwamba hakuna kilichoota.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta wazo sahihi. Mycobacterium bovis, kimelea cha TB ya ng'ombe, hakiwezi kutumia gliseroli kama chakula na huota vizuri kwenye piruvati. Kipimo cha vinasaba cha kutofautisha spishi kilithibitisha. GeneXpert haingeweza kusema hivyo: kwake jamii nzima ni MTB. Hata udhaifu wa jibu lake unapata maelezo ya ziada hapa, kwani M. bovis kwa kawaida ana nakala moja au chache tu za IS6110, ambapo M. tuberculosis mara nyingi anazo nyingi. IS1081 hufidia, lakini faida ya Ultra inapungua.

Kwa mgonjwa, jina la spishi lina maana ya moja kwa moja. M. bovis ana usugu wa asili kwa pirazinamidi kutokana na badiliko kwenye jeni ya pncA. Dawa moja kati ya nne haikuwa inafanya kazi, nayo ndiyo inayoruhusu tiba kuwa fupi. Daktari alirefusha rifampisini na isoniazidi hadi jumla ya miezi 9. Familia ilielezwa kuchemsha maziwa kabla ya kuyagandisha, maana ugandishaji wenyewe hauui kimelea hiki kwa uhakika, na afisa mifugo akajulishwa kuhusu kundi.

Wiki ya saba ya dawa tezi ilivimba upya, ikawa laini na kuuma. Kulikuwa na ombi la kurudia GeneXpert. Maabara ilishauri isirudiwe: ingeona DNA ya vimelea vilivyokufa na kuwatia watu hofu ya usugu usiokuwepo. Ilivutwa mililita 1.5 ya usaha, safari hii sehemu kubwa ikaenda moja kwa moja kuoteshwa, kwenye MGIT na chupa ya piruvati. Siku ya 42 MGIT ilifungwa bila ishara, na wiki ya nane chupa ilikuwa bado tupu. Ilikuwa ni kinga ya mwili iliyochachamaa, jambo la kawaida kwa tezi zikiwa kwenye tiba. Dawa hazikubadilishwa.